Wabeti, kwanini pointi zenu zinaozea kwenye apu? Nimepewa kazi ya kupanga upya sehemu ya kuzichukua

#1 Mchora Skrini (mleta uzi)
Habari wadau. Kazi yangu ni kuchora muonekano wa apu na sasa hivi niko kwenye kampuni moja ya kubeti hapa Dar, jina naliacha. Nimepewa ile sehemu ya zawadi niipange upya, yaani ukibeti unapewa pointi, zikijaa unazibadilisha upate kitu. Tatizo watu wanazikusanya halafu hawazichukui.

Wiki iliyopita nimeshinda siku 3 kwenye vibanda vya Manzese na Mbagala Rangi Tatu, naomba tu watu "kaka hebu nioneshe pointi zako zilipo". Wengi hawakujua kama wanazo. Waliojua walibonyeza bonyeza wee mpaka wakachoka. Mmoja tu ndio alifika mwisho, akakuta pointi zimegeuka bonasi na bonasi ina masharti, akaniangalia kama mimi ndio nimemwibia. Sura yake bado ninayo mpaka leo.

Njia ya sasa ni hii: menyu, akaunti, matangazo, shuka mpaka chini, klabu ya wateja, kubali vigezo, chagua zawadi, thibitisha, subiri meseji ya namba, ingiza namba. Hatua 10 kwa mtu mwenye bando la jero. Mimi naamini kabisa shida ni hizo hatua, zikiwa 2 watu watachukua. Wakubwa kazini wanasema shida ni watu hawajali. Nyie mnaotumia mnasemaje?

#2 Nyanda wa Kahama
Nimekaa hapa nasoma komenti.

#3 Mkeka Mrefu
Mkuu umekosea toka mwanzo. Hata uweke kitufe kikubwa kama Uwanja wa Mkapa mimi sigusi, kwa sababu zawadi yenyewe haina maana. Kule ninakobeti kila buku napata pointi 1, pointi 500 nabadilisha napata beti ya bure ya buku 2. Piga hesabu, nimezungusha laki 5 ili nipewe buku 2. Na hiyo beti ya bure mkeka (tiketi yako ya beti) ukitiki, yaani ukishinda, wanakupa faida tu, ile buku 2 hairudi. Odi 3, yaani dau mara 3, ningetegemea 6,000 napewa 4,000. Halafu uniambie shida ni menyu?

#4 Mtoto wa Tandale
Mkeka Mrefu laki 5 umezungusha na bado unalia buku 2, kaka yangu wewe ungekuwa na bodaboda ya pili sasa hivi 😂

Ila kwenye hoja uko sahihi.

#5 Mkeka Mrefu
Tandale niache kwanza, laki 5 hiyo sio ya siku moja.

#6 Hesabu Kali
Mimi mhasibu, ngoja niwape upande ambao hamuuoni. Pointi ambayo mteja hajachukua ni deni kwenye vitabu vya kampuni. Toka 2018 kuna kiwango cha uhasibu IFRS 15, kinasema ukimuuzia mtu kitu ukampa na pointi, sehemu ya hela uliyopokea usiihesabu kama mapato kwanza, iweke pembeni mpaka azitumie. Na kinaruhusu ukadirie zile ambazo hazitachukuliwa kabisa, hizo unaziingiza kwenye mapato taratibu. Kwahiyo mleta uzi, ukizifanya hatua 10 ziwe 2, watu wakamiminika, makadirio yote ya idara ya fedha yanavurugika. Sisemi walizificha makusudi. Ila hakuna mtu ofisini kwenu anayepata hasara pointi zikisahaulika, ndio maana hakuna aliyeharakisha kurekebisha.

#7 Mchora Skrini
Shukrani Hesabu Kali. Niseme ukweli hakuna mtu aliyewahi kuniambia ficha. Ila hicho cha mwisho ulichosema kimenigusa, maana hii kazi imekaa kwenye orodha muda mrefu kabla yangu, kila mara inasogezwa mbele.

Mkeka Mrefu nimekusikia pia, ila waliokuwa hawajui kabisa kama wana pointi, hao huwezi kusema wamedharau zawadi. Hawakuiona.

#8 Fundi wa Seva
Nimefanya kazi upande wa nyuma wa mifumo kama hiyo. Ile hatua ya kusubiri namba kwa meseji usiiguse mkuu. Kuna watu wana laini hata 30 zimesajiliwa kwa majina ya ndugu na majirani, kila laini akaunti, wanabeti pande zote mbili za mechi ili wasipoteze kitu, wanavuna pointi na bonasi tu, halafu zote zinaishia kwenye simu moja. Na kuna ile laini ikihamishwa na tapeli, anaingia kwenye akaunti yako anabeba kila kitu. Hatua nyingi mnazoziona ni makovu, kila moja iliwekwa baada ya kampuni kupigwa. Ukimrahisishia Manzese unamrahisishia na tapeli.

#9 Mkeka Mrefu
Fundi wa Seva mbona nikiweka hela hamniulizi hizo namba mara 3? Kuweka hela sekunde 10, PIN moja imeingia. Kutoa ndio tunakuwa matapeli wote?

#10 Fundi wa Seva
Kuweka hela ulinzi ni wa kampuni ya simu, PIN yako ndio inalinda. Ila sibishi, unachosema ni kweli na sisi mafundi tumekizoea mpaka hatukioni.

#11 Mwana wa Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu tuna Bonga za Safaricom, zilianza 2010 kama sikosei, na zile watu wanazitumia wallahi. Unapiga *126# unaona zako, unabadilisha dakika, bando, hata simu ukiwa nazo nyingi. Wakati wa korona wakafungua ukaweza kulipia unga dukani kwa Bonga. Hapo ndipo mamangu alipojua ana pointi, miaka yote hakuwahi kuziangalia. Kwahiyo mimi nasema mchore mtakavyo, pointi ikinunua unga itatafutwa.

#12 Githurai 45
Kisauni rekebisha hapo, Bonga ni 2007, mwaka mmoja na M-Pesa. Na usisahau ile ya mwisho wa 2022, walitangaza pointi zilizozidi miaka 3 zitafutwa kuanzia Januari 2023, watu wakapiga kelele mpaka wakasimamisha. Hiyo ndiyo ilinifunza mimi. Mtu anaweza kukaa na pointi bila kuzitumia na bado anaziona ni zake, ukigusa tu anaamka. Kwa hivyo wakubwa wa mleta uzi wakisema watu hawajali, waambie wajaribu kuzifuta waone.

#13 Mwana wa Kisauni
Ahsante, 2007 basi.

#14 Bi Mwanahawa
Mie si mtu wa kubeti, ila nafundisha Kiswahili na mwanangu wa kiume ana apu kama hiyo kwenye simu. Nikaona kitufe kimeandikwa KOMBOA POINTI. Nikamuuliza, umeziweka rehani wapi? Kukomboa ni cheni ya dhahabu uliyoipeleka kwa mkopeshaji, au shamba lililofungwa kwa deni, unalipa ndipo unarudishiwa chako. Mtu akisoma "komboa" anaelewa kuna gharama ya kutoa kwanza, na anayebeti yuko macho na neno lolote linalonusa gharama. Mwanangu alidhani hivyo hivyo, kwamba akibonyeza atakatwa. Mmelitoa kwenye kamusi mkalibandika. Semeni "chukua zawadi yako" au "badilisha pointi", kila mtu ataelewa.

#15 Mchora Skrini
Shikamoo Bi Mwanahawa. Umenipa kitu ambacho siku 3 za Manzese sikukiona. Ya kwetu pia imeandikwa KOMBOA. Na sasa nakumbuka jamaa mmoja alifika pale akarudi nyuma haraka, nikaandika kwenye daftari "amepotea". Huenda hakupotea, aliogopa kukatwa.

#16 Kijana wa Ubungo
Mimi siafiki, "komboa vocha" tumeizoea kwenye ofa za mitandao, vijana tunaelewa.

#17 Bi Mwanahawa
Marahaba mleta uzi. Kijana wa Ubungo, wewe umezoea, je baba yako?

#18 Dada wa Ilala
Naomba niseme kitu na naomba msinirukie. Mdogo wangu alikuwa anabeti mpira tu, Jumamosi kwa Jumamosi, buku buku, hata mama alikuwa anajua. Kisha pointi zake zikajaa, akaenda kuzibadilisha, akakuta hawezi kupata beti ya bure ya mpira, zinabadilishwa kuwa raundi za kile kindege tu, ule mchezo wa kasino wa ndege inayopaa. Hakuwahi kucheza kindege maishani mwake. Akacheza zile za bure, akashinda kidogo, hela ikaingia. Ndani ya mwezi akawa anacheza kindege saa 8 usiku, mechi ya mpira unasubiri dakika 90 lakini kindege ni sekunde chache unaanza tena. Ameuza friji ya dukani kwake. Sisemi ni pointi peke yake, mtu ana akili yake, ila mlango aliopitia ni ule, na mlango ule ulichorwa na mtu kama mleta uzi. Kwahiyo kaka yangu ukipunguza hatua kutoka 10 hadi 2, jiulize hatua hizo 2 zinampeleka mtu wapi.

#19 Nyanda wa Kahama
Pole sana dada.

#20 Mtoto wa Tandale
Pole dada. Mimi pia kindege kilinipitia na mshahara wa wiki, sikigusi tena.

#21 Mswahili Leicester
Dada wa Ilala pole. Niwaambie huku Uingereza hicho kilichomkuta mdogo wako wamekiwekea sheria. Tume yao ya michezo ya kubahatisha imepiga marufuku ofa zinazochanganya aina 2 za mchezo, yaani huwezi kumwambia mtu beti mpira ndio upate mizunguko ya bure ya kasino. Imeanza Januari 2026. Pamoja nayo masharti ya bonasi yamewekewa kikomo, hawawezi kukulazimisha uizungushe zaidi ya mara 10 kabla ya kutoa. Kabla ya hapo ilikuwa mara 30, mara 50, kila mmoja na lake. Na toka 2021 marufuku kukuwekea kitufe cha kurudisha hela uliyoomba kutoa wakati bado haijafika kwako. Hicho kitufe ninyi mnacho?

#22 Mchora Skrini
Kipo. Kimeandikwa "ghairi kutoa". Sio eneo langu ila nimekisikia.

#23 Hesabu Kali
Ngoja hizo mara 30 nizipigie hesabu. Chukua bonasi ya 5,000, sharti uizungushe mara 30, maana yake ubeti 150,000. Tuseme kwenye kila mia kampuni inabakiza 5, hapo kwa wastani utapoteza 7,500. Umepewa 5,000 ili upoteze 7,500. Ikiwa mara 10 unabeti 50,000, wastani wa kupoteza ni 2,500, angalau umebaki na kitu. Sasa ongeza lile sharti la "mkeka usiopungua mechi 5". Ile 5 kwa mia inajirudia kila mechi, 0.95 mara yenyewe mara 5 ni kama 0.77, kwahiyo kwenye kila mia zinaondoka karibu 23. Kwa 150,000 hiyo ni zaidi ya 33,000. Mkeka Mrefu, jina lako lenyewe linakugharimu.

#24 Mkeka Mrefu
Hii hesabu mbona hakuna aliyewahi kunionesha. Mimi mechi zangu ni 12 mpaka 15.

#25 Mhasibu Mstaafu
Hesabu Kali, nikurekebishe kidogo kwenye #6. Kwa kampuni ya kubeti odi za kudumu, beti zenyewe hazimo IFRS 15, zinaangukia IFRS 9 kama vyombo vya fedha, jambo hilo lilishaamuliwa tangu 2007 wakati bado kiwango ni IAS 39. Kwahiyo hayo makadirio ya pointi zilizosahaulika usiyahamishe moja kwa moja kutoka supamaketi kwenda kwenye kubeti. Deni ni deni, hapo tuko pamoja, ila hoja yako kwamba mapato yanaingia taratibu isisimame kama sababu.

#26 Hesabu Kali
Nimekubali mzee, nilichukua mfano wa supamaketi. Ila bado nasema, deni lisilodaiwa halimsumbui mdaiwa.

#27 Mama Abdul
Jamani mimi ombi langu dogo. Pointi zigeuke LUKU. Mume wangu anabeti na sitamzuia, basi angalau mwisho wa mwezi nipate uniti hata 5 za umeme.

#28 Mwana wa Kisauni
Hayo ndiyo niliyosema, kama unga vile.

#29 Dada wa Ilala
Mama Abdul nakuelewa kabisa ila fikiria mbele. Siku ukimwambia apunguze atakujibu "nabeti ili nyumba ipate umeme". Pointi 500 ni laki 5 zimezungushwa, Mkeka Mrefu ametuambia. Hizo uniti 5 utakuwa umezinunua kwa bei gani?

#30 Mama Abdul
Na akipewa beti ya bure badala ya LUKU atapunguza? Mimi naona bora kitu kitoke nje ya apu kije nyumbani kuliko kizunguke humo humo ndani.

#31 Mkeka Mrefu
Mama Abdul yuko sahihi. Keshi au LUKU au bando, kitoke.

#32 Mwanafunzi Mlimani
Kuna jambo moja tulilisoma darasani linaingia hapa. Marekani walifanya jaribio, likachapishwa 2006, la kadi za kuosha gari. Waligawa kadi 300, nusu zina nafasi 8 tupu ukijaza unaoshewa bure, nusu nyingine nafasi 10 ila 2 tayari zimegongwa muhuri. Wote wanatakiwa kuosha mara 8 zile zile. Wa kundi la kwanza waliomaliza ni 19 kwa mia, la pili 34 kwa mia. Mtu akijiona ameshaanza safari, na akiona anakaribia, anakaza mwendo. Kwahiyo mleta uzi ukitaka watu wachukue zawadi waoneshe walipofika, ule mstari unaojaa.

#33 Mchora Skrini
Mlimani, mstari huo nimeshauchora. Uko kwenye skrini ya kwanza kabisa, kijani, umeandikwa "bado pointi 40 tu!". Nilijivunia sana.

Ila nikisoma #18 na hii yako kwa pamoja najiuliza, kwenye kuosha gari kukaza mwendo ni gari safi. Kwenye apu yetu pointi 40 ni 40,000 ya kubeti. Mtu aliyekuwa anaenda kulala saa 4 usiku, mimi ndio nimemwambia bado kidogo. Jana jioni nimeutoa kwenye mchoro. Sijui kama watanikubalia.

#34 Kijana wa Ubungo
Mkuu usiutoe bwana! Mimi nataka kujua nimebakiza ngapi. Ukinificha tunarudi kule kule kwa pointi kuozea. Mtu mzima mwoneshe hesabu yake aamue.

#35 Mwanafunzi Mlimani
Labda muoneshe alizonazo na zinaweza kununua nini sasa hivi, bila kumwambia bado ngapi?

#36 Kijana wa Ubungo
Atatoa mwenyewe kichwani, 500 toa 460 nani hajui.

#37 Mtoto wa Tandale
Halafu ondoeni viwango, pointi 100 nipe ya 100, pointi 37 nipe ya 37. Kwani lazima zifike 500? Muuza genge ananipimia mchele robo, nyie mnanipimia gunia.

#38 Hesabu Kali
Tandale hapo umegusa penyewe. Pasipo na kiwango hakuna cha kukimbilia, na huo mstari kijani hauna kazi.

#39 Fundi wa Seva
Na wenye laini 30 ndio watashangilia zaidi, maana kiwango cha 500 ndicho kinawachelewesha mpaka tuwashike. Nasema tu.

#40 Wakala Buza
Nawasoma toka jana. Mimi nina kibanda Buza, nawasaidia watu kubeti. Nyote mnaongelea skrini, kijani, kitufe. Wateja wangu wengi wazee wana kitochi, wanabeti kwa kupiga namba za nyota na reli. Kwao hiyo "klabu ya wateja" haipo kabisa, na sesheni yenyewe ikikatika katikati unaanza upya. Kitu pekee kinachowafikia ni ile meseji ya matokeo ya mkeka, hiyo wanaisoma hata kama wamechana, tena wananiletea niwasomee. Andika humo humo chini: una pointi 620, jibu 1 upate vocha. Basi. Hatua moja, haihitaji bando, hana kitu cha kutafuta.

#41 Mchora Skrini
Wakala nakuja Buza kesho, kweli kabisa. Nitakuinboksi.

#42 Githurai 45
Hiyo ya meseji ni ya maana. Lakini ukimtumia meseji mtu aliyeamua kuacha kubeti umemvuta tena. Mkeka umechanika, ameudhika, ameapa, halafu chini "una pointi 620".

#43 Wakala Buza
Ndio nasema iwe vocha ya simu, isiwe beti ya bure. Akijibu 1 anapata muda wa maongezi anampigia mkewe, hajarudi kwenye mchezo.

#44 Nyanda wa Kahama
Hivi Jumapili ya dabi Simba odi ngapi?

#45 Mtoto wa Tandale
Nyanda uzi mzima umesoma halafu swali ndio hilo 😂 Yanga, andika Yanga.

#46 Wakala Buza
Turudi kwenye mada. Leo asubuhi kabla mleta uzi hajafika nimejaribu mwenyewe. Mzee mmoja mteja wangu wa muda mrefu, nikaingiza namba yake kwenye simu yangu kwa ruhusa yake tukaangalia pointi. Zilikuwepo 2,140. Pembeni maandishi madogo: zimeisha muda. Nikamsomea. Akauliza, "nilikuwa nazo lini?" Nikakosa jibu. Mchora Skrini, hiyo tarehe iko sehemu gani ya apu yenu?

#47 Mchora Skrini
Haipo mzee wangu. Nimetafuta tangu uandike. Haipo popote.